Figo langu na mkarafuu

Juzi mvua ilitukuta uwanjani, tukawa tunakusanya majamvi ya karafuu mbio mbio, mtoto wa kaka kakumbatia pakacha ananiuliza, eti shangazi, ni kweli figo lako limezikwa chini ya mkarafuu ule? Babaake akajifanya hasikii.

Ilikuwa 2014. Naruka habari za maumivu, wenye mawe ya figo wanayajua na wasiokuwa nayo Mungu awaepushie. Kumbe jiwe lilikwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo la kushoto, likakaa miaka, mie nakandwa kiuno nameza panadol. Mkojo ukikosa njia unarudi juu, figo linavimba mpaka nyama yake inakwisha. Tukapanda boti Mkoani hadi Unguja, vipimo, dakta akasema la kushoto limebaki asilimia 7 na lina usaha, litolewe, la kulia zima litabeba kazi zote. Nikasaini.

Sasa jioni ile wodini. Koo limenikauka, dreni, mrija wa kutoa majimaji ya kidonda, inaning'inia ubavuni, nesi kila akipita "umeshatoa upepo?" tena mbele ya kaka yangu, aibu gani hii. Kaka kakaa kimya kwenye kiti cha plastiki, mara akasema, "Wamenionyesha." Nini? "Hilo lako." Walimwita mlango wa thieta, dakta kashika kindoo cheupe cha mfuniko. Alidhani ataona kitu kama figo la mbuzi, kumbe kifuko tu kimesinyaa kama puto lililotoka pumzi, na jiwe pembeni kwenye chachi, dogo kuliko kokwa ya tende. "Nikamuuliza dakta, yote haya ni hilo tu?"

Halafu ndo akanambia kuhusu simu ya mama. Bi mkubwa kashika lake moja, kiungo cha Muislamu kinazikwa hakitupwi, asirudi Pemba bila nacho. Na dakta anasema sawa mtapewa, lakini liende maabara kwanza lipimwe kama halina saratani. "Sasa mama nimwambie nini? Figo liko kwenye foleni?" Nikacheka, mshono ukanichoma, nikalia, nikacheka tena, mpaka nesi akamtoa nje.

Siku ya 5 nikaruhusiwa. Saratani hamna, alhamdulillah. Mtaani wakasema nimeuza figo, maana niliporudi tu nyumba ikaezekwa bati (pesa za karafuu za kaka zile jamani). Tangu hapo maji siachi, kila mwaka napima presha na kriatinini (damu ya kuangalia figo linavyofanya kazi), diklofenaki ile dawa ya maumivu inayoumiza figo kwangu marufuku hata jino liume vipi, na aliyenipiga utrasaundi alisema hili la kulia limeongezeka ukubwa. Linakula mshahara wa wawili.

Kaka alitangulia kurudi Pemba na kikapu kimefunikwa kanga, mie niko kwa ndugu Unguja nangoja kutolewa nyuzi. Bi mkubwa kafariki moyo wake umetulia kwamba limezikwa. Mie sikuwahi kuuliza.

Basi juzi nikauliza, mkarafuu upi hasa? Kaka akanyoosha kidole ule wa kisimani. Mtoto akasema, "Baba, mie si ulinionyesha ule wa banda la mbuzi?"

Kaka akatutazama wote wawili. "Majamvi hayo yanalowa," akasema, akaingia ndani.