Napoli hadi Baia, nyuma ya Seneca

Geti la handaki limefungwa kwa kufuli, na mpango wa kupita alikopita Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, ukaishia hapo. Handaki lenyewe, Crypta Neapolitana, liko Piedigrotta, Napoli, ndani ya bustani yenye kaburi linalosemwa kuwa la mshairi Virgil, karibu na stesheni ya Mergellina. Mjenzi Mrumi Cocceius alilichonga handaki hilo kwenye mwamba laini wa volkeno katika karne ya 1 kabla ya Kristo, takriban mita 700 kupenya kilima, ili watu wafike mji wa Pozzuoli bila kukizunguka. Nilishika vyuma vya geti nikachungulia. Giza linaanza hatua chache tu kutoka hapo.

Barua ya 57 kati ya zile Seneca alizomwandikia rafiki yake Lucilius inaeleza giza hilohilo. Seneca alikuwa akitoka Baiae, yaani Baia ya leo, kurudi Napoli. Hakutaka chombo cha baharini tena, kwa hiyo hakuchelewa kuamini kwamba bahari imechafuka, akashika barabara. Akaoga tope njia nzima, kisha ndani ya handaki akaoga vumbi. Anasema mienge ya mle haikumsaidia mtu kuona gizani. Ilimwonyesha giza lenyewe.

Moyo wake ulishtuka mle ndani, naye anaandika waziwazi kwamba mshtuko ule haukuwa woga. Hapa ndipo wengi wanapowakosea Wastoiki, wanafalsafa wa kundi la Seneca, wakidhani wanafundisha kuua hisia. Katika kitabu chake juu ya hasira, Seneca anapanga mambo kwa hatua tatu. Kwanza mwili hushtuka wenyewe, na hata mwenye hekima hauzuii. Pili akili huupokea mshtuko na kuukubali kuwa ni wa haki. Tatu hisia hukimbia na mtu, akili imeachwa nyuma. Kazi yote iko hatua ya pili. Anayesubiri ya tatu amechelewa. Seneca alipoona mwanga upande wa pili wa handaki, furaha ilimrudia bila kuitwa. Ndipo akajiuliza kuna tofauti gani kati ya kuangukiwa na mnara na kuangukiwa na mlima, maana kifo ni kilekile.

Treni ya Cumana kutoka Montesanto ilichelewa, ikajaa, na joto lake halisemeki. Pozzuoli nilipita tu. Nilishuka Lucrino nikatembea hadi Baia, ambako sehemu kubwa ya mji wa Kirumi sasa iko chini ya bahari, kwa sababu ardhi ya volkeno hapa hupanda na kushuka. Boti yenye sakafu ya kioo huonyesha magofu hayo, kwa bei ya kumtoa mtu jasho.

Ghuba ilikuwa shwari, kama Seneca alivyoikuta mwanzoni mwa barua ya 53. Katikati ya safari mawimbi yakainuka, kichefuchefu kikamshika, akamlazimisha nahodha kuelekea pwani yenye miamba, kisha akajitosa majini na joho lake la sufu. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba, mfuko wa plastiki mkononi, hahitaji kufafanuliwa. Nyumbani tukishuka bandarini Mkoani hucheka na kusahau. Seneca anaanzia kwenye kusahau huko: maradhi ya mwili yakizidi, mgonjwa huyahisi zaidi, ya nafsi yakizidi, mgonjwa huyahisi kidogo zaidi.

Kwa hiyo sipendi kumwona Seneca akikatwakatwa kuwa misemo. Lucilius aliomba misemo ya namna hiyo, na barua ya 33 inamnyima. Ukiondoa tope, vumbi na matapishi, hoja haina pa kusimamia.

Anayekuja huku asome ya 53 akiwa ufukweni, ya 57 akiwa Piedigrotta, na ya 56 akiwa kwenye chumba cha kulala wageni chenye kelele. Katika hiyo ya 56 Seneca amepanga makao juu ya bafu la umma: wanyanyua vyuma wanaguna, mkandaji anapiga mabega, mnyonyoaji nywele anatangaza kazi yake kwa sauti kali. Anaonyesha kwa urefu kwamba nafsi tulivu haisumbuliwi na makelele. Mwishoni anasema anahama.