Harufu ya mahindi

Leo asubuhi mdogo wangu amerudishiwa seli zake mwenyewe.

Tuko Philadelphia, Marekani. Ana saratani ya damu, na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, imeshindwa mara mbili. Wiki kadhaa zilizopita walimtoa seli T, askari wa kinga ya mwili, wakazipeleka maabara. Huko zikaingiziwa jeni mpya kwa kirusi kilichopokonywa makali, ili ziitambue CD19, alama iliyo juu ya seli za saratani. Zikazalishwa kwa mamilioni, zikagandishwa. Tiba hii huitwa CAR-T.

Nilitarajia mitambo mikubwa. Kumbe ni kamfuko kadogo tu, dakika chache, basi.

Halafu ile harufu!

Dawa ya kuhifadhia seli hutokea kwenye pumzi ya mgonjwa. Chumba kizima kikanukia mahindi ya kuchemsha.

Mdogo wangu akafumba macho: "Dada, kama jikoni kwa bibi."

Nikatoka nje kulia.

Mji huu huu, 2012, Emily Whitehead, mtoto wa miaka 6, alipewa tiba hii. Miaka 10 baadaye saratani ilikuwa haijarudi.

Sasa tunaivizia homa. Mara nyingi ndiyo dalili kwamba vita vimeanza, ila ikizidi ni hatari. Usiku huu silali.

Mliouguza mtu kwa tiba hii, siku za kwanza mlizimudu vipi?