Saa za alasiri

Leo nimeshinda nikimfikiria Hannes Halldórsson, kipa wa zamani wa Iceland aliyedaka penalti ya Messi jijini Moscow tarehe 16 Juni 2018. Mwenzetu huyu pia ni mwongozaji wa filamu na matangazo, na ndiyo maana najiuliza kama mwanasoka anaweza kubeba kazi ya pili. Alieleza kwamba alikuwa amezitazama penalti nyingi za Messi kabla ya siku ile. Ndivyo mtu wa kamera anavyofanya: anarudisha picha nyuma mpaka aone mguu unavyotua.

Watu hudhani mwanasoka ana nafasi tele ya kazi hiyo. Mazoezi yenyewe ni dakika 75 hadi 90. Saa nane mchana ameshaoga na kula. Lakini alasiri hiyo ndiyo mwili unapojirudishia nguvu. Baada ya mechi, misuli inadai saa 48 hadi 72, na usingizi wa saa nane au tisa. Kazi ya pili huanza kula usingizi kimyakimya. Mchezaji anachelewa nusu hatua, anajilazimisha kuufukuzia mpira, na nyuma ya paja panachanika.

Kwa hiyo ratiba ihesabiwe kurudi nyuma kutoka siku ya mechi. Mechi ikiwa Jumamosi, Jumapili ni ya kunyoosha viungo, na Jumatatu, kama ni mapumziko, ndiyo siku ya kazi nzito ya pili. Jumanne na Jumatano mazoezi ni makali, jioni iachwe. Alhamisi saa mbili za kukaa mezani zinatosha. Ijumaa hakuna kitu, hasa kazi ya kusimama. Wiki ya mechi mbili kazi hiyo haipo kabisa, ndiyo maana biashara ya mchezaji inahitaji mshirika anayeweza kuamua bila kumpigia simu. Na kabla ya yote asome mkataba: mara nyingi klabu hutaka kuombwa ruhusa kwanza, na tangazo la mpinzani wa mdhamini wa klabu huleta kesi.

Kusoma huvumilika. Sócrates, mwanasoka wa Brazil, alisomea udaktari huku akiichezea klabu ya Botafogo ya Ribeirão Preto, na hakuhamia klabu ya Corinthians mpaka mwaka 1978, alipokwisha kufuzu. Kutibu ni jambo jingine. Zamu ya wodini haiulizi ligi inacheza lini.

Denis Compton, Mwingereza aliyecheza soka na kriketi, alibebwa na majira: Arsenal kipindi cha baridi, kriketi kiangazi. Mwaka 1947 alipata mikimbio 3,816, yaani alama za kriketi, na mwaka 1950 akatwaa Kombe la FA. Siku hizi msimu unakaribia miezi kumi, mlango huo umefungwa. Hata yeye goti aliloumizia kwenye soka lilimfuata hadi kwenye kriketi, na mwaka 1955 madaktari wakamtoa kilegesambwa, ule mfupa wa mbele ya goti.