Antivairasi ya bure: nilivyowashinda mafundi wa barazani

Ukikaa Lamu na kompyuta yako ikaanza vioja, nakuusia jambo hilo usilitaje barazani. Mimi nililitaja baada ya alasiri, na kabla ya adhana ya magharibi nilikuwa nimepewa ushauri wa kila rangi. Mmoja alisema niweke Avast. Wa pili akaapa kwamba lazima niweke Avast na AVG pamoja, "moja isipoona, nyingine itaona." Ami mmoja, ambaye sijapata kumwona akigusa kompyuta, akasema nifute kila kitu nianze upya. Na alikuwepo kijana mwenye antivairasi ya kulipia iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni isilipiwe, anayo kwenye flashi, bei yake kama kilo ya samaki. Nikamuuliza inawekwaje. Hatua ya kwanza, akasema, unazima ulinzi wa Windows. Yaani programu ya kulinda kompyuta inataka kwanza uzime ulinzi! Nikamwambia ahsante.

Huyo wa Avast na AVG ndiye aliyenikera zaidi, maana alisema kwa kujiamini. Kampuni ya Avast iliinunua AVG mwaka 2016, zote zimetoka Jamhuri ya Cheki, na leo zinatumia injini ile ile ya kutambua virusi. Kwa hiyo isiyoonwa na hii haitaonwa na ile pia. Isitoshe, antivairasi mbili zikikaa macho kwa wakati mmoja kila moja inataka kulikagua faili kabla ya mwenziwe, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inabaki kuhema. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Sasa niwaeleze kioja chenyewe. Msimu wa Maulidi kuna flashi za kaswida zinazozunguka nyumba kwa nyumba, Mkomani hadi Langoni, na hakuna anayejua zilianzia wapi. Moja iliingia kwangu. Tangu hapo kila flashi iliyochomekwa kwenye laptopu yetu ilifunguka na kuonyesha kitu kimoja tu: njia ya mkato yenye jina la flashi yenyewe. Ukiibonyeza, mafaili yako yanatokea kama kawaida na unaona mambo yamekwisha. Kumbe kule kubonyeza ndiko kunakoiamsha virusi ijinakili ndani ya kompyuta.

Flashi iliyopatwa vibaya ilikuwa ya shemeji yangu, na ndani yake mlikuwa na picha za harusi, za hina na za kupamba. Kwa asiye wa huku: picha za kupamba ni za wanawake na hazionwi na mwanamume wa kando. Hapo huwezi kuipeleka flashi kwa fundi wa Usita wa Mui, barabara yetu kuu, akae nayo usiku kucha. Mmoja alishaulizwa kwa simu, na jibu lake lilikuwa "formati." Angeiformati, harusi nzima ingekwenda na maji.

Nilichokuwa nakijua, na ninakisema kwa majivuno, ni kwamba virusi vya aina hii havifuti kitu. Vinaficha tu. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), nikaandika amri ya kuyafichua mafaili:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Yako inaweza kuwa F au G. Dirisha jeusi halionyeshi picha, maandishi tu, kwa hiyo kazi niliifanya bila kuvunja adabu ya mtu. Lakini shemeji hakuniamini. Aliketi ubavuni, na nilipobonyeza kitufe cha mwisho akaigeuza laptopu upande wake. "Mato yako huko!" Nikatazama ukuta. Kimya. Kisha nikasikia kigelegele, nikajua picha zimerudi. Mama watoto aliniletea kahawa na kaimati, na mpaka leo ukoo wa mke wangu wananiita fundi.

Picha kurudi ni jambo moja, virusi kutoka kwenye laptopu ni jingine. Mpwa wangu alikuwa amejitolea, akaweka antivairasi moja ya bure ambayo jina lake silitaji. Ilifanya kazi, sikatai. Lakini kila baada ya muda ilirusha dirisha jekundu kutisha watu: kompyuta ina hatari kadhaa, lipa uokoke. Hatari zenyewe ukizisoma ni vitu kama "anwani yako ya intaneti inaonekana." Watoto wakawa wanaogopa kufanyia kazi za shule humo. Nikaiondoa.

Na hapo ndipo nilipoikuta niliyokuwa naitafuta, imo ndani muda wote. Microsoft Defender imekuwa antivairasi kamili ndani ya Windows tangu Windows 8, mwaka 2012. Ukiweka antivairasi nyingine inajiondoa yenyewe. Ukiitoa hiyo nyingine inarudi kazini bila kuitwa. Haiombi pesa. Watu wanaidharau kwa sababu zamani ilikuwa dhaifu kweli, lakini maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, imekuwa ikiipa alama za juu kwa miaka sasa.

Kwangu mimi la bure linapimwa kwanza kwa kuuliza: huyu anakula nini? Avast yenyewe, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake wanazitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5. Mtu anayegeuza laptopu ili shemejie asione picha hawezi kulipuuza hilo. Microsoft nao si malaika, lakini Windows yao ninayo tayari. Sikuona sababu ya kumkaribisha mgeni wa pili.

Niliipa Defender ukaguzi wa nje ya mtandao, ule unaoizima Windows na kukagua kabla haijawaka, kama robo saa hivi. Ikaikamata ile virusi na kuitupa. Pia washeni sehemu ya kuzuia programu zisizotakikana. Hiyo ndiyo inayokamata takataka zinazoingia pamoja na programu za kupakua video.

Yule kijana wa antivairasi iliyokrakiwa sikumwacha hivihivi. Kuna faili la majaribio linaloitwa EICAR, maandishi ya herufi na alama 68 tu, halina madhara yoyote, ila watengenezaji wa antivairasi walikubaliana kulitendea kama virusi halisi. Nililiandika kwenye Notepad na kulihifadhi mbele yake. Defender ikalinyakua papo hapo. Tukafanya vilevile kwenye laptopu yake. Tukangoja. Tukaagiza chai. Faili likabaki pale pale, limetulia, na alama ya kijani ya "umelindwa" ikiwaka kando yake. Alisema labda leseni imelala.

Defender ina udhaifu, na nisipoutaja nitakuwa kama wale wa barazani. Nguvu yake nyingi inatoka kwenye intaneti. Bila bando inaona kidogo. Wenye nyumba ambayo intaneti hupatikana kwa nadra watazame Bitdefender ya bure, ya Warumania, nayo haina kelele nyingi. Mimi naunganisha simu kila jioni na kubonyeza mwenyewe kutafuta masasisho. Ya siku hadi siku hayali bando kubwa. Na kama bado mko Windows 7, Microsoft waliacha kuiziba matundu yake tangu Januari 2020, na antivairasi haitawafanyia kazi hiyo. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft wamesema Defender yake itaendelea kupata masasisho ya virusi hadi Oktoba 2028.

Mlango mkubwa bado ni saiba, tunakokwenda kuprinti. Siku hizi sipeleki flashi. Napeleka kadi ya kumbukumbu ya simu (microSD) ndani ya adapta yake kubwa, ile yenye kitelezi kidogo ubavuni. Kitelezi kikiwa chini, kompyuta nyingi zinaweza kusoma kadi lakini haziwezi kuandika kitu ndani yake, kwa hiyo virusi vya saiba vinabaki saiba. Adapta mara nyingi inakuja bure na kadi. Kisomeo cha USB nilinunua kwa mia mbili, mia tatu hivi. Kijana wa saiba analalamika kwamba kadi yangu "inakataa kushirikiana." Namwambia aprinti tu.