Kufuli tatu

Mwaka ule kikao kikuu cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikwama zaidi ya saa nzima kwa sababu mshika ufunguo mmoja hajafika. Sanduku la bati lilikuwa mezani na kufuli zake tatu, na kila aliyekaa pale alijua halina hata senti. Fedha tulishazihamishia benki zamani. Mle ndani mlibaki muhuri, kidau cha wino kilichokauka na daftari la wanachama lenye kurasa zilizogandana.

Sanduku lenyewe si la kudharau. Shirika la CARE lilianza kuunda vikundi vya aina hii na wanawake wa Niger mwaka 1991, na kwingi vilikoenea sanduku ni hilohilo: funguo tatu kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne, asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Aliyebuni hivyo alijua binadamu walivyo. Sasa hela zikishaondoka, tunamlinda nani na nani?

Ndivyo nilivyouliza nilipopewa nafasi, nikapendekeza cheo cha mshika ufunguo kifutwe. Waanzilishi walikuwa wameshaisha kikundini, wengine wamehama, wengine wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo sikutegemea mtetezi. Akasimama binti mdogo kuliko sote, aliyejiunga juzijuzi.

“Mwenyekiti, leo tukifuta hiki, kesho tutafuta kipi? Sisi tumekikuta.”

Mwanzilishi hata mmoja hakuwahi kumtia machoni. Alipigiwa makofi.

Nikakumbuka jaribio la wanasaikolojia Jacobs na Campbell la mwaka 1961. Watu huketi gizani wakitazama nukta ya mwanga iliyotulia, ila macho huiona kama inasogea, na kila mmoja hukadiria imesogea umbali gani. Wasaidizi wa watafiti, wakijifanya washiriki wa kawaida, hutaja umbali mkubwa kupita kiasi, kisha hutolewa mmoja mmoja, na kila anayetoka nafasi yake huchukuliwa na mgeni. Wasaidizi wote walipokwisha kutoka, wageni waliendelea kukadiria juu na kuwaambukiza waliowafuata. Uongo ule ulififia polepole, baada ya vizazi kadhaa vya wageni. Na wale hawakuwa na katiba wala faini! Sisi tulikuwa na vyote, pamoja na fomu ya uchaguzi yenye mstari wa “Mshika ufunguo (3)”. Mstari mtupu kwenye fomu haukubali kubaki mtupu. Lazima mtu atafutwe.

Hoja yangu ilianguka. Dakika chache baadaye jina langu likapendekezwa kwenye mstari huohuo, likapita bila kupingwa. Nashuku ndivyo vikundi vinavyowanyamazisha wakosoaji: vinawapa cheo.

Muda wangu ulipokwisha nilimkabidhi ufunguo kijana mmoja mgeni. Akaniuliza unafungua nini. Nikamwambia awahi vikao, maana mshika ufunguo akichelewa faini yake ni mara mbili.