Kumbukumbu ya mradi wa mboga pori: mche wa mnavu na mche wa mnanaha hatimaye nimeitenganisha

Masika nzima imepita nikihangaika na jambo moja tu, na sasa ninaweza kuinama katikati ya mahindi hapa Lushoto, nikautazama mche wenye majani mawili au matatu, nikasema bila kusita kwamba huu ni mnavu, ambao ni mboga, na ule ni mnanaha, ambao ni sumu. Kwa anayeifahamu mimea hii ikiwa imekomaa, jambo hili litaonekana dogo, kwa kuwa hakuna anayeweza kuchanganya ua la mnanaha, jeupe na refu lenye umbo la tarumbeta, na kiua cha mnavu chenye petali tano ndogo na chavua ya njano katikati. Wala hakuna atakayeyadhania matunda ya mnanaha, yaliyojaa miiba, kuwa ndiyo vitunda laini vya mnavu ambavyo watoto huvitafuna vikiiva. Tatizo ni kwamba mboga haisubiri kuzaa ndipo ichumwe. Huchumwa ikiwa changa, na katika uchanga huo mimea hii miwili, ambayo yote ni ya familia ya Solanaceae pamoja na nyanya, bilinganya na viazi mviringo, hufanana kwa namna ya kuudhi.

Tena hupenda mahali pamoja. Pembeni mwa zizi la ng'ombe, kwenye jalala la zamani, katika shamba lililotifuliwa na kutiwa samadi, ndipo mnavu unapostawi, na ndipo mnanaha unapostawi. Mvua za kwanza zikinyesha, yote huchomoza kwa wiki zile zile.

Kosa hapa si la kuharibu ladha ya mboga. Mnanaha, yaani Datura stramonium, una sumu za atropini na skopolamini katika kila sehemu yake, na zaidi katika mbegu. Aliyeula hukauka mdomo, mboni za macho humtanuka, moyo humwenda mbio, kisha huanza kuona na kusema mambo yasiyokuwapo. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichochanganyika na mmea huu kiliwafanya watu karibu 300 waugue na watano wakafariki. Jambo linalonitia hofu zaidi ni imani kwamba kuchemsha kunatosha. Mnavu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili uchungu upungue, ndipo ukaungwa kwa nazi, karanga au maziwa, na wapishi wengi huamini kwamba maji yale yanayomwagwa huondoka na kila kibaya. Sumu ya mnanaha hustahimili joto la sufuria. Sehemu yake huingia katika maji, lakini inayobaki katika majani inatosha kuleta madhara.

Dalili nilizozitegemea mwanzoni zilianguka moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa rangi: nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba shina lenye zambarau ndilo lenye sumu. Shina la mche wa mnanaha kweli mara nyingi lina zambarau karibu na ardhi, lakini mnavu nao huwa na zambarau, wakati mwingine kwenye shina na wakati mwingine chini ya jani, kwa hiyo kanuni hiyo ingenifanya nitupe mboga nzuri na kuamini mche wa kijani wenye sumu. Dalili ya pili ilikuwa meno ya ukingo wa jani. Jani la mnanaha mkubwa lina meno makubwa yaliyochongoka, lakini majani yake ya kwanza hayana meno hata kidogo. Ukingo wake ni laini, kama wa mnavu, na huo ndio mtego wenyewe. Dalili ya tatu ilikuwa harufu. Mnanaha ukifikichwa hutoa uvundo usiosahaulika, ila mche mchanga hutoa kidogo tu, na ukishafikicha michache, vidole vyote vinanuka na huwezi tena kujua kipi kimetoka wapi. Zaidi ya hayo, siyo busara kufikicha mmea ambao utomvu wake ukiingia jichoni hutanua mboni na kulifanya jicho lishindwe kuona vizuri.

Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha nimezijaribu pia, na maoni yangu ni kwamba zinafaa sana kwa mmea wenye ua na hazifai kabisa kwa mche. Ukipiga picha ya mche wa majani matatu, programu hukupa orodha ya majina yenye asilimia, na asilimia hizo humpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao. Nimeacha kuzitumia kwa mboga changa. Chombo ambacho sasa sitoki nyumbani bila nacho ni lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, iliyofungwa kamba shingoni, kwa sababu iliyo mfukoni huwa haipatikani mikono ikiwa na udongo.

Aliyenifungua macho ni Bibi mmoja jirani ambaye huchuma mnavu huku akizungumza mambo mengine kabisa, bila kutazama mikono yake. Nilimwamkia, nikamwomba anieleze anavyotofautisha. "Mjukuu wangu, mnavu hauulizwi, unachumwa," alinijibu, na kwa muda mrefu hilo ndilo lilikuwa jibu pekee nililopata. Siku moja aling'oa mche mmoja kati ya miwili niliyomwonyesha, akautupa kando ya njia na kusema, "Huo una masikio." Nilidhani anatania. Nilipouokota na kuuweka chini ya lenzi, nikaona kwamba alikuwa akizungumzia kotiledoni, yale majani mawili ya mbegu yanayotangulia kabla ya majani halisi, ambayo mimi nilikuwa nikiyaruka kila mara kwa kuwa vitabu vya mimea huanza maelezo yake juu zaidi.

Hapo mpango wangu wote ukabadilika. Nilikuwa nimekusudia kukausha mimea ndani ya magazeti na kutengeneza mkusanyo wa mboga na dawa za hapa mlimani, nikianza na mgagani, mchunga na mlenda. Magazeti hayo sasa yapo chini ya kitanda, kwa sababu nilianza kupanda sumu na mboga katika makopo kandokando.

Mbegu zenyewe hazina utata. Ya mnavu ni ndogo sana, bapa, yenye rangi ya manjano hafifu. Ya mnanaha ni kubwa kiasi, nyeusi au ya kahawia iliyokolea, yenye umbo la figo na vishimo vishimo juu ya ganda. Mnavu uliota bila shida. Mnanaha ulikataa. Makopo yalikaa barazani, udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, na hakuna kilichotokea isipokuwa ukungu wa kijani juu ya udongo. Ilinikera mno kwamba mmea unaoota wenyewe kwenye jalala, bila kuombwa na mtu, ungekataa kuota mahali unapotakiwa. Mbegu za mnanaha huwa na usingizi mrefu na haziamki kwa pamoja, na inaelekea baraza langu, lenye kivuli na ubaridi ule ule mchana na usiku, halikuzipa sababu ya kuamka. Nilizitoa nje penye jua kali la mchana na baridi ya usiku wa Lushoto, nikautifua udongo wa juu, ndipo zikaanza kuchomoza moja moja, bila mpangilio, huku nyingine zikibaki zimelala hadi leo.

Lakini hizo chache zilitosha. Kotiledoni za mnanaha ni ndefu na nyembamba, zimechongoka mbele, na hufikia urefu wa sentimita mbili, tatu, hata zaidi. Mara nyingi mojawapo huinuka ikiwa bado imebeba ganda jeusi la mbegu kwenye ncha yake. Za mnavu ni fupi, zenye umbo la yai lililochongoka kidogo, na kwangu hazikufikia hata sentimita moja na nusu. Tofauti hii haitegemei rangi, mbolea wala kivuli. Nilizipima kwa rula kwenye udongo maskini na kwenye udongo wa samadi. Mche uliopata samadi ulinenepa, lakini umbo halikubadilika. Tena kotiledoni za mnanaha hubaki shinani hata baada ya majani kadhaa kutokea, zikianza kunyauka huku zimening'inia, kwa hiyo mtu anayeng'oa mche mzima ana nafasi ya kutosha ya kuziona.

Makopo ya mnavu nayo yalinitoa njiani. Nilipoacha baadhi ya miche ikue, kopo moja lilizaa vitunda vya rangi ya chungwa, yaani Solanum villosum, na lingine likazaa matunda makubwa meusi juu ya mmea wenye majani mapana, ambao ni Solanum scabrum. Sikuwa nimejua kwamba ninachuma zote mbili kwa jina moja. Ya kwanza ina kromosomu 48 (nyuzi za urithi ndani ya kila seli) na ya pili 72, jambo linaloeleza kwa nini hazizaliani kirahisi ingawa zinaota bega kwa bega. Nimeanza kutenga mbegu zake katika bahasha mbili, na ninaikuta ile ya vitunda vya chungwa ikiwa na uchungu zaidi, ingawa hilo nitalithibitisha kwanza kwa kuzipika siku moja katika sufuria mbili.

Kuhusu upande wa dawa, nimeufuta mnanaha katika daftari langu. Ninafahamu kwamba moshi wa majani yake ulitumiwa kwa pumu, hata sigara zake ziliuzwa madukani Ulaya zamani, na ninafahamu kwamba atropini ni dawa halali ya hospitali. Lakini hospitalini hupimwa kwa miligramu, ilhali kiasi kilicho ndani ya jani hubadilika kutoka mmea hadi mmea na kutoka umri hadi umri, na jikoni kwangu sina mizani ya kupima kitu hicho.

Linalobaki bila ufumbuzi ni fungu la sokoni. Wachumaji hawang'oi mche. Hukata ncha, na kotiledoni hubaki shambani. Kwa ncha zenye vitumba vya maua nimepata njia: kishada cha mnavu huchomoza kwenye shina, kati ya jani na jani, kikiwa na vitumba kadhaa vidogo, wakati mnanaha hutoa kitumba kimoja kirefu panapogawanyika matawi. Kwa ncha zisizo na vitumba sina kitu, kwa maana vinyweleo nimevitazama kwa lenzi na mimea yote miwili inavyo. Kwa hiyo ninafungua fungu na kutenga ncha zisizo na vitumba, na mama ninayenunua kwake ameniuliza kama nimekuja kununua mboga au kukagua. Tumekubaliana kwamba nitaendelea kukagua, ila fungu nikilifungua nimelinunua, na ninazozikataa ni hasara yangu.