Siku Peugeot 404 yangu ilipopigwa picha ya TV

Saa 11 alfajiri. Nipo gereji, Mabatini, Mwanza, tochi mdomoni. Watu wa televisheni walinisisitizia niioshe Peugeot ing'ae, lakini roho yangu ipo kwenye pointi, zile za kutoa cheche za kuwashia injini. Nafungua kifuniko cha distribyuta, napitisha msasa laini, napima mwanya, nafunika. Navuta choki, napiga stata. Inaitikia.

Saa 1. Mteja wa Noah kaja, breki zinalia. "Fundi, leo wewe staa, sisi je?" Nambadilishia pedi za mbele huku kijana wangu akipangusa 404.

Saa 3. Ndio wanafika, na tulikubaliana saa 2. Mtangazaji ni kijana mwenye adabu zake, ila kavaa suruali nyeupe. Gereji! "Shikamoo mzee." Ananibandika maiki kwenye ovaroli, anafungua boneti, anashtuka: "Mzee, mbona injini imelala? Iligongwa?" Kijana wangu anacheka mpaka spana inamtoka mkononi.

Namweleza kuwa Wafaransa ndivyo walivyoiunda tangu ilipotoka mwaka 1960: injini ya cc 1618, imelazwa digrii 45 ili boneti ikae chini. Umbo lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Namwonyesha kwa kiganja namna ilivyoegemea. Basi, mtu wa sauti anasema bodaboda imepita, tunarudia. Mtangazaji anashtuka upya kama vile hajawahi kuiona, nami namjibu kama vile sijawahi kuulizwa.

Saa 5. Capri Point. Napanda, nashuka, napanda, mpiga picha kakaa kinyumenyume kwenye pikipiki. Mtangazaji anataka kujaribu kuendesha. Anaitafuta gia miguuni. Namshikisha mkono kwenye fimbo ya gia, pale kwenye usukani ilipo.

Saa 7. Jua kali, tumeegesha tukiliangalia Jiwe la Bismarck. Hapa ndipo nilipopasubiri. Nawaambia 404 ilishinda Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mbio zilikuwa za Pasaka, masika yamepamba moto, na mwaka 1963 na 1968 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Ile ya 1966 na 1967 aliyeshika usukani ni Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania. Mtangazaji anaangalia saa. "Mzee, tupe kwa sekunde kumi." Nikampa: "Tope likizidi, wengine wanakwama, hii inapita." Akafurahi sana. Mimi sikufurahi, Shankland wangu kakatwa.

Saa 10. Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wanataka nipakie gunia la dagaa kiti cha nyuma, eti uhalisia. Nikakataa katakata, harufu ile haitoki. Wakati tunabishana, bibi mmoja muuza dagaa kafungua mlango, kaingia, kaketi, kajifunga kitenge vizuri. "Pijo kama hii ndiyo iliyonipeleka kwa mume wangu," akasema. "Haya, endesha." Hakuna aliyemwambia ashuke. Nikamzungusha mpaka karibu na uwanja wa mpira na kurudi, kamera ikimfuata, naye akipungia kila mtu mkono.

Saa 12. Wanafunga vifaa. Nikamuuliza mpiga picha nini kitabaki. "Bibi na injini iliyolala," akajibu. Hela ya mafuta walisema wanatuma kwa simu usiku ule ule. Bado naisubiri.